Kilo Themanini na Mbili

Watu wa mji huu wakiona kitu kilichojazwa upepo, lazima wakibonyeze. Tairi watalipiga teke, mpira wataufinya, na godoro la hewa la mama yangu, lile lililonitoa jasho kulipata, kila mgeni alilibonyeza kwa kidole gumba kabla hata ya kumsalimia mwenyewe aliyelala juu yake. "Iko na upepo safi," wangesema, wakitikisa kichwa kama mafundi wa gereji. Na mimi, mjinga mimi, nilikuwa nikisimama pale mlangoni nikijiona mtoto mwema kuliko wote Nairobi.

Nitaeleza ilivyokuwa, na sina nia ya kujisafisha.

Mama alipata kiharusi mwaka juzi. Upande wake wa kulia ukafa ganzi, mkono na mguu, na maneno yakaanza kumtoka polepole, moja moja, ingawa akili ilibaki kali vilevile. Alikaa wodini wiki tano. Siku ya kumtoa, nikiwa nahangaika na karatasi, alinishika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mzima wa kushoto. Mimi ni mtoto wake wa pili wa kiume, nimebeba jina la baba yake mzazi, kwa hiyo tangu nizaliwe ananiita "baba." Akasema, "Baba. Usinirudishe. Hapa. Walinivua. Mbele za watu. Usinirudishe." Nikaapa. Niliapa kwa Mungu, nikiwa nimesimama katikati ya ile korido, na sikuapa kwa mzaha.

Nikamleta kwangu Muthangari, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti. Mimi na mke wangu tuliachana zamani, kwa hiyo nyumba ilikuwa na nafasi. Nikamtafuta dada wa kumwangalia, mwanamke wa makamo kutoka Bungoma, mwenye mabega mapana na mdomo usiopoa. Huyu dada ndiye aliyemwogesha mama, akamgeuza, akamlisha, akamsuka nywele. Mimi nilikwenda kazini mjini asubuhi na kurudi jioni.

Kwetu Ukambani mwanamume hamwogeshi mama yake, wala hamwoni akivuliwa. Dada akianza tu kukunja shuka, mimi nilikuwa nimeshatoka. Nilisimama sebuleni nikisoma kalenda ya ukutani kana kwamba miezi imebadilishwa majina. Sikuona ajabu yoyote, ndiyo heshima niliyofundishwa. Ila heshima hiyo iliniachia kazi moja tu katika ugonjwa wa mama: vitu. Kununua vitu, kurekebisha vitu, kupiga simu juu ya vitu. Na nikajipa ubosi wa vitu.

Kidonda alikiona dada. Siku moja nilipotoka kazini akanisubiri jikoni, mikono kiunoni.

"Anko, shosho ako na kidonda huku nyuma, mwisho wa uti wa mgongo. Ni kama kifuniko cha soda."

"Kimetoka wapi? Si unamgeuza?"

"Namgeuza. Lakini hana nyama huko, anko. Ni mfupa na ngozi."

Hayo maneno ya mwisho niliyasikia na kuyaacha yapite. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta simu.

Nilimpata muuguzi, mama mmoja anayefanya kazi kwenye kliniki ya Lavington na kuzungukia wagonjwa wa majumbani kwa kigari chake. Alikuja Alhamisi, akamwona mama mlango ukiwa umefungwa, akatoka akivua glavu. Hakunizungusha.

"Hiki ni kidonda cha kulalia. Damu haifiki pale kwa sababu amekandamizwa sehemu moja. Sasa hivi bado ni cha juu juu, tunaweza kukitibu hapahapa. Lakini kikishuka mpaka mfupa, si cha nyumbani tena. Ni kulazwa, na pengine kukatwa nyama iliyokufa."

"Kulazwa hapana," nikasema.

"Basi tafuta godoro la hewa. Lile la pampu. Na msiache kumgeuza. Nitakuja kila Alhamisi kukisafisha."

Kesho yake saa ya chakula cha mchana nikapanda ngazi za jengo moja kuukuu katikati ya mji, juu ya maduka ya vitambaa, mpaka kwenye duka la vifaa vya wagonjwa. Muuzaji alikuwa bwana mwenye tai na maneno mengi. Akanitandikia godoro sakafuni. Si godoro kwa kweli, ni mifuko mirefu ya plastiki iliyopangwa upande kwa upande kama ndizi kwenye chane, na mpira unaoiunganisha na kipampu cha kuning'iniza miguuni pa kitanda. Akawasha. Kipampu kikaguruma, mifuko ikainuka mmoja ndiyo, mmoja hapana. Baada ya dakika kadhaa iliyojaa ikanywea, iliyonywea ikajaa.

"Unaona, mkubwa? Hakuna mahali panapokandamizwa muda mrefu. Damu inapita. Godoro ndilo linamgeuza mgonjwa kidogo kidogo."

Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Akataka kuniuzia pia mabuti ya hewa ya kukanda miguu ili damu ipande, nikamwambia tuanze na hili. Kisha akanionyesha kidude cha kuzungusha kwenye pampu, kina namba pembeni.

"Hapa unaweka uzito wake. Ukiweka chini sana, anazama mpaka kwenye mbao za kitanda. Na ukiweka juu sana..." Aliendelea kusema, lakini mimi nilikuwa nimebaki hapo kwenye kuzama. Nilikuwa nimeshamwona mama akizama. "Mgonjwa ako na kilo ngapi?"

"Themanini na mbili," nikajibu. Sikufikiri hata kidogo.

Nitoe wapi namba nyingine? Mama alikuwa muuza nafaka. Alianza na gorogoro moja, lile kopo la kupimia, na gunia la ndengu, akaishia na kibanda cha mabati na mizani ya chuma ya kupimia magunia. Mchana biashara ikilala, alikuwa akipanda kwenye ile mizani yake mwenyewe, akasogeza kile chuma kwa kidole, akatangaza soko zima: "Themanini na mbili! Na sijavaa viatu!" Wanawake wa vibanda jirani wakacheka, na wateja wakamwambia hiyo ni dalili kwamba anajua kula ndengu zake. Sisi watoto tulijua ile namba kama tulivyojua njia ya kwenda shule. Hakumpunja mtu hata kijiko. Akipima, kipimo kimepimwa, hata akikisia bila mizani, na akikuambia kilo ngapi huna haja ya kuuliza kwingine.

Muuzaji akakata kipande cha selotepu, akaandika 82 kwa kalamu nene, akakibandika juu ya pampu. "Usisahau hapo," akasema.

Nikalipeleka nyumbani. Lilipojaa lilikuwa gumu, likapiga dum nilipoligonga. Mimi nikaona ndivyo. Sote tumelelewa tukiambiwa godoro zuri kwa mgongo ni gumu, laini ni la kumharibu mtu. Dada akambeba mama, akamlaza. Mama akatulia kidogo, halafu akasema kwa ule ulimi wake mzito:

"Baba. Umenilaza. Juu ya magunia."

"Ni dawa, mama. Utazoea."

Akaligonga kwa kiganja cha ule mkono mzima, likapiga dum.

Wageni wakaanza kumiminika. Akina mama wa kanisa walikuja kumi kwa mpigo, wakiwa na chupa za chai na mikate, wakajaza chumba. Wakalibonyeza godoro, wakalisifu. Halafu mmoja wao akasema ile pampu inanguruma na watu wanataka kusali, akainama, akazima swichi ya ukutani. Wakaomba. Na akina mama wale si watu wa maombi mafupi. Waliombea mama, wakaombea nyumba, wakaombea kazi yangu, wakaombea serikali. Walipoondoka hakuna aliyekumbuka swichi. Niliporudi nilimkuta mama amelala juu ya plastiki tupu, mifuko imenywea.

Nilichemka. Nikaandika kwa herufi kubwa, USIZIME, nikabandika juu ya soketi.

Kumbe shida ilikuwa haijaanza. Jioni moja niliporudi nililibonyeza godoro, maana na mimi nilikuwa nimeambukizwa huo ugonjwa wa kubonyeza, na kidole kikazama. Nikaangalia kidude. Kilikuwa kati ya arobaini na hamsini. Nikakirudisha juu. Kesho yake jioni, tena, kati ya arobaini na hamsini. Siku ya tatu vilevile.

Nikampigia yule bwana mwenye tai. Nikamwambia ameniuzia takataka, pampu inajishusha yenyewe. Akaniambia mkubwa, tulia, haijawahi kutokea. Nikamwambia asinifundishe kutulia, mama yangu ana kidonda. Akasema niipeleke kwa fundi wao, Karen. Karen! Kutoka Muthangari mpaka Karen siku ya kazi, kwa sababu ya kidude cha kuzungusha. Niliomba ruhusa kazini, nikatenganisha mpira na pampu, nikamwacha mama kwenye godoro lake la zamani, nikaenda.

Fundi alikuwa nyuma ya maduka, kwenye kijumba chenye maua kuliko vifaa. Akaifungua, akaipima, akaiwasha, akaiacha iungurume huku yeye akinywa chai. Nilikaa kwenye benchi saa nne nzima. Nilimwona akiitazama, akinitazama mimi, akirudi kwenye chai. Mwishowe akaifunga.

"Mashine haina shida, bosi. Hii haiwezi kujizungusha. Kuna mtu kwako anapunguza."

Sikumbuki nilivyoendesha gari kurudi. Ninakumbuka tu kwamba nilipitiliza kona yangu nikajikuta Lavington kwenye foleni, kati ya magari makubwa yaliyobeba mtu mmoja mmoja, nikipiga honi bila sababu. Kila mtu alikuwa amenichosha: muuzaji na tai yake, fundi na chai yake, akina mama na maombi yao. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nampigania mama. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Nilimkuta dada jikoni akichambua mchicha.

"Ni wewe unayepunguza hewa ya godoro la mama?"

Hakuruka, hakukana. Akaweka kisu chini. "Ni mimi."

"Ala! Na unaniacha nizunguke Karen kama mwehu!"

"Ungeniuliza, ningekuambia. Hukuniuliza. Ulibeba mashine ukaenda."

"Nani alikuambia uguse? Imeandikwa pale themanini na mbili!"

"Anko, mimi ndiye humbeba shosho. Kumtoa kitandani, kumrudisha, kumpeleka kuoga, kila siku ya Mungu. Huyo si mtu wa kilo themanini. Gunia la mahindi ni kilo tisini, nimebeba hayo kwetu, najua. Shosho ni nusu gunia. Ukimweka hapo juu ni kama umemlaza kwenye barabara ya lami."

"Amepungua kidogo tu. Atarudi."

"Kidogo?" Akanitazama kana kwamba nimesema kitu kwa Kichina. "Anko, lini mara ya mwisho ulimshika?"

Hapo ndipo hasira iliponipanda kwelikweli, na sasa najua kwa nini. Nikamwambia yeye ni wa kuosha na kupika, mambo ya mashine aniachie mimi. Nikamwambia daktari ni nani kati yetu, kana kwamba mimi ni daktari. Nikamwambia akigusa tena kile kidude atafute kazi kwingine. Maneno hayo niliyasema, na mama alikuwa chumba cha pili na masikio yake hayakupata kiharusi.

"Sawa, anko," dada akasema. Akachukua kisu na mchicha wake, na usiku ule sufuria za nyumba ile zilipigwa chini kama ngoma.

Nikaunganisha pampu, nikazungusha kidude mpaka themanini na mbili, nikachukua selotepu nikakizungushia mara tatu, nne, tano, mpaka hakikuweza kusogea hata kwa koleo. Mama alikuwa macho akinitazama nikifanya hayo.

"Baba," akasema. "Mimi. Si yule. Wa zamani."

"Usiseme hivyo, mama. Utapona, utarudi vile ulivyokuwa."

Akageuza uso kwenye ukuta. Nikadhani amechoka.

Siku kumi zilipita hivyo. Dada alimrudisha mama juu ya godoro lile, akamgeuza kama kawaida, hakuniambia neno zaidi ya "chakula kiko tayari" na "sabuni imeisha." Wageni walibonyeza. "Iko na upepo safi," wakasema. Alhamisi ya kwanza muuguzi hakuja, gari lake lilikuwa limeharibika, nikaona si neno, tuna godoro. Najua dada alitaka kuniambia jambo, kwa maana mara mbili alisimama mlangoni pa sebule akifuta mikono kwa aproni, na mara mbili nikainua simu nikajifanya nazungumza na mtu.

Alhamisi ya pili muuguzi akaja. Mimi nikaenda kusoma kalenda yangu. Nilisikia mlango ukifungwa, nikasikia maji ya beseni. Mara mlango ukafunguliwa na muuguzi akaniita kwa sauti ambayo sijaisahau.

"Njoo hapa. Nimemfunika. Njoo."

Nikaingia. Muuguzi alikuwa ameuweka mkono wake juu ya godoro, akilibonyeza, na yeye peke yake kati ya watu wote hakusema lina upepo safi.

"Nani aliweka hii hapa?"

"Mimi."

"Mama alipimwa lini?"

Nikafungua mdomo. Nikaona ile mizani ya chuma, kibanda cha mabati, mama akicheka bila viatu. Miaka mingapi? Hata nywele zake wakati huo zilikuwa nyeusi.

"Zamani," nikasema.

Muuguzi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba godoro likijazwa kupita uzito wa mgonjwa haliwezi kumpokea, linakuwa ubao, na mifupa yote inabeba mwili kwenye sehemu moja. Alisema kidonda kimeshuka. Ameona weupe chini yake. "Hiki si cha nyumbani tena," akasema. "Aende leo."

Nilijua angesema hivyo tangu aliponiita. Nikamtazama mama. Nilitaka kumwambia samahani, lakini samahani gani? Ile ya kuapa, ama ile ya selotepu? Yeye alikuwa ananitazama tu, mkono wake wa kushoto ukiwa juu ya blanketi.

"Si kule," akasema. "Baba. Uliapa."

"Najua, mama."

"Uliapa."

"Najua."

Dada alikuwa amesimama pembeni na beseni. Nilidhani angenitupia jicho la "nilikuambia," na angekuwa na haki. Hakunitazama hata. Aliweka beseni chini, akafungua kabati, akaanza kumfungia mama nguo kwenye mfuko: kanga mbili, sweta, soksi. Kisha akamtolea blausi yenye vifungo vya mbele, akamwambia, "Shosho, hii ni rahisi kuvaa. Na mimi nitakaa na wewe huko, hakuna atakayekuvua kama siko." Mama akafumba macho.

Ngazi za ghorofa tatu. Muuguzi akasema twende tumwite mlinzi wa langoni na mtu mwingine, tumshushe kwa kiti. Nikasema hapana, nitambeba mwenyewe. Sijui nilikuwa nataka kumwonyesha nani. Alikuwa amevaa, amefungwa leso, hapakuwa na aibu yoyote. Kumbe kumbeba hakujawahi kuwa mwiko. Mwiko ulikuwa kumwona akivuliwa, na mimi nikautandaza ukafunika kila kitu, hata kumshika.

Nikainama. Nikapitisha mkono mmoja chini ya mabega na mwingine chini ya magoti. Nikapanua miguu, nikakaza mgongo, nikavuta pumzi kama mtu anayeinua gunia, kwa sababu mwili wangu pia ulikuwa unaamini ile namba. Nikainua kwa nguvu zangu zote.

Nilipepesuka nyuma mpaka nikagonga kabati. Nusura nimrushe mama yangu juu. Hakuwa na uzito. Hakuwa na uzito kabisa! Nilikuwa nimeshika leso na blausi na mifupa, na kichwa chake kikaja kifuani kwangu, na nilihisi mbavu zake moja moja kwenye vidole vyangu. Muuguzi akapiga kelele, "Pole pole!" Dada akanishika kiwiko. Mimi nikasimama pale, nimeegemea kabati, na machozi yakanitoka bila kuniuliza. Nililia kama mtoto mbele ya wanawake watatu.

Nyuma yangu pampu ilikuwa bado inaguruma, ikilijaza godoro lile kwa ajili ya mwanamke mnene ambaye hayupo. Dada akaenda, akaichomoa ukutani.

Nikamshusha ngazi zote bila kupumzika, na sikuwa hata na jasho. Kwenye gari dada alikaa naye nyuma, amemlaza ubavuni ili kidonda kisiguse kiti. Hatukwenda kwenye ile wodi ya kwanza, hilo nililitimiza, ingawa sijui kama kwake wodi moja ni tofauti na nyingine. Waliofika kutupokea walikuwa na kitanda cha magurudumu, na karani aliyekuwa na fomu akaanza maswali yake ya kawaida. Jina. Umri. Maradhi mengine. Nilijibu yote haraka, mimi bosi wa vitu.

"Uzito?"

Mdomo wangu ukafunguka. Naapa ile namba ilikuja mpaka kwenye ulimi. Nikaufunga mdomo, nikageuka.

"Muulize huyu dada," nikasema. "Yeye ndiye anayejua."

Karani akamtazama dada, mwanamke mwenye aproni aliyosahau kuivua. Dada akanitazama mimi kwanza. Nikaitikia kwa kichwa.

"Nusu gunia," dada akasema.

"Ngapi?"

Kwenye kile kitanda cha magurudumu mama alikuwa amelala ubavu, macho amefumba. Tulidhani amesinzia. Akayafungua, akamtazama karani vile alivyokuwa akiwatazama wateja waliokuja na mizani zao za kuchakachua.

"Arobaini. Na sita," akasema. Akapumzika, akavuta pumzi, akaninyooshea kidole cha ule mkono mzima. "Andika. Vizuri. Huyu. Hunizidishia."

Karani akaandika.